Likizo Tatu za Kwenye Risiti

Jumatatu, 3 Novemba

Leo natimiza miezi kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Magoti yameota sugu. Mgongo ukinyooka unalia kama mlango wa zamani. Kazi yangu ni kupachika vigae kwenye ukumbi mpya wa abiria, uwanja wa ndege. Paka saruji, laza kigae, gonga, pima. Paka, laza, gonga, pima. Kutwa ndege zinapita juu ya kichwa changu, na sijawahi kupanda hata moja. Huku nililetwa nyuma ya lori, nimekalia mifuko ya saruji.

Mama watoto kapiga simu asubuhi. Harusi ya binti yetu mkubwa ni Jumamosi ya tarehe 22. Turubai limelipiwa. Wakwe wapya wako tayari. Kilichobaki ni baba tu. Kisha akaniangushia bomu: nisipofika, Mwanyumba ndiye atakayemshika mkono binti yangu na kumkabidhi kwa mumewe. Mama mkwe ameshakubali. Mama mkwe hukubali upesi jambo lolote lenye Mwanyumba ndani yake.

Mwanyumba na mimi tumeoa ndugu, mimi dada mkubwa, yeye mdogo. Kampuni pia ni moja. Mimi niko chini na vigae, yeye yuko kwenye kiti, mtunza stoo. Mfuko wa shati lake una kalamu mbili, na moja haiandiki. Likizo yake imesainiwa. Tiketi ameshakata, ya ndege, kiti cha dirishani. Alinieleza yote haya bila kuulizwa.

Na mimi je? Mkataba wetu unasema wazi: mfanyakazi wa mbali ana likizo tatu kwa mwaka, na kampuni inamrudishia nauli ya ndege akileta risiti ya kodi. Sijakwenda hata moja. Nauli unaitoa kwanza wewe, ndipo urudishiwe. Uitoe wapi? Mwaka unaisha, na likizo zangu zinaoza kama nyanya.

Jioni navua ovaroli, nikakuta karatasi imenata gotini kwenye saruji. Risiti ya tiketi ya ndege! Mtu kaitupa tu. Safari nzima, imelipiwa kodi, imelala kwenye goti langu. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekula njama na shangazi. Si shangazi yangu. Ni mfagiaji wa ukumbi wa zamani, ila kila mtu humwita shangazi, hata marubani. Karatasi anazofagia hazitupi. Anazijaza kwenye magunia, anayarundika chumba cha mifagio, na mwisho wa mwaka anayauza kwa kilo kwa watu wa kutengeneza maboksi. Miezi yote hii napita mbele ya mgodi na sijui!

Nikamwomba anifungulie. Akauliza natafuta nini. Nikasema nimepoteza namba ya simu. Akasema namba hiyo bila shaka ni ya mwanamke, na mtu wa umri wangu angetafuta miwani kwanza. Nikacheka kwa adabu. Mwisho tukaelewana: nitamtengenezea sakafu ya jiko kwa mabaki ya vigae, naye hajaniona.

Nimepekua magunia saa ya chakula. Vumbi! Chafya! Risiti nyingi zimefifia. Hizi karatasi za mashine zikipigwa na jua zinakuwa nyeupe pe, kama vile hakuna aliyewahi kusafiri. Lakini zilizokaa katikati ya gunia, gizani, zinasomeka vizuri. Ile ya gotini ni ya mji mwingine, lakini humu nimepata nne zinazoutaja mji wetu. Aprili, Juni, Julai, Septemba. Hazina jina la abiria. Zina bei, kodi, na ile alama ya mraba yenye vidoti. Kama zilikuwa zinanisubiri mimi.

Huu si wizi. Nimeliwaza vizuri. Likizo ni zangu. Nauli ni yangu kwa mkataba. Kilichopungua ni makalio yangu kwenye kiti cha ndege. Kampuni inayajali makalio yangu? Haiyajali.

Jumatano, 5 Novemba

Msiba. Risiti ya Juni, nzuri kuliko zote, ilikuwa na makunyanzi. Mwenzangu wa chumbani ni mchanganya zege, tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Ana pasi. Nikaiazima. Nikailaza risiti mezani, nikaipitishia pasi polepole, kwa mapenzi, kama nanyoosha shela la binti yangu.

Ikawa nyeusi! Yote! Nyeusi tii, juu mpaka chini!

Kimya akasema karatasi zile hazina wino, maandishi yake hutokana na joto, kila mtu anajua. Kila mtu anajua na hakuna aliyeniambia! Akauliza ilikuwa risiti ya nini. Nikasema ya dawa. Akasema bei aliiona kabla haijaungua, na dawa ya bei ile ni ya ugonjwa mkubwa, kwa hiyo nimwambie kama mtu mzima: unaambukiza? Maana taulo tunatumia moja. Amelala amenigeuzia mgongo, bado anaongea. Taulo kaenda nalo kitandani.

Zimebaki tatu. Likizo ni tatu. Nimezilaza chini ya godoro, nami nimelala juu yake. Uzito wangu ndio pasi.

Alhamisi, 6 Novemba

Fomu ya madai ya safari ina visanduku viwili. Kimoja ni safari ya kikazi, kingine safari ya likizo. Kikazi kinataka saini ya nyapara, na nyapara wetu ni mtu anayehesabu hata misumari iliyopinda. Likizo haitaki saini ya mtu. Inataka risiti tu. Nikatia alama kwenye likizo. Fomu tatu, alama tatu. Wala sikuhitaji kufikiri.

Mhasibu wetu tunamwita Mama Risiti. Kwake yeye, mtu asiye na risiti bado hajazaliwa. Kampuni ikipeleka risiti za kodi inapunguziwa kodi yake, ndiyo maana anazipenda kama wajukuu. Akavaa miwani. Akaziinua kwenye mwanga. Akapitisha simu juu ya ile alama ya mraba, simu ikalia. Halali! Zote zimo kwenye vitabu vya watu wa kodi. Akauliza mbona sikuzileta mapema. Nikasema mimi ni mtu wa kujisitiri. Akasema laiti mafundi wote wangekuwa na nidhamu kama yangu.

Mwanyumba alikuwa anapita na daftari lake la misumari. Mama Risiti akamwita, aje aone mfano wa kuigwa. Mwanyumba akaziangalia risiti, akaniangalia mimi, akaziangalia tena risiti.

"Hongera, mwanyumba," akasema. "Kumbe huwa unaruka."

Sikupenda alivyolitamka.

Jumatatu, 10 Novemba

Zimeingia! Nauli tatu kwa mkupuo! Nimezisoma kwenye simu mara nyingi mpaka Kimya akauliza kama ni majibu ya hospitali.

Nimenunua suti. Ya kijivu, inang'aa ukiigeuza. Na viatu vyeusi vya ncha. Muuza suti kaniambia nafanana na meneja wa benki. Kisha akaiona mikono yangu. Akasema basi mlinzi wa benki, lakini yule wa ndani.

Mwanyumba amechangia viti vya wageni. Mama watoto kaniambia mama mkwe anavitaja viti hivyo kila mtu anapoingia. Viti! Nikamtumia hela yote iliyobaki na kusema muziki ni wangu, spika nne kubwa, kila mgeni akae kwenye kiti cha Mwanyumba na asimsikie Mwanyumba. Mama watoto akafurahi sana. Akaniita mume wangu. Tangu lori liondoke sikuwa nimeitwa hivyo.

Tiketi ya kwenda? Nitaikata kwa mshahara wa wiki ijayo. Nitapewa risiti, nitarudishiwa. Mambo yanakwenda kama maji kwenye sakafu iliyonyooka.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Mama Risiti kuomba likizo. Nimenawa mpaka viwiko. Akafungua kompyuta. Akatabasamu. Akasema pole, umezimaliza.

Nikauliza nimemaliza nini. Likizo. Aprili, Julai, Septemba. Zote zimethibitishwa kwa risiti za kodi, tena nzuri.

Nikasema lakini. Akauliza lakini nini. Nikasema lakini ni harusi ya binti yangu. Akasema hongera sana, ningemshauri binti aiwahishe Septemba, nilipokuwa nyumbani. Akaongeza kwamba mtu aliyepumzika mara tatu kwa mwaka hafai kuwa na uso wa uchovu kama wangu, labda nikapime damu.

Nimetoka pale. Nimejipalia makaa kwa mkono wangu. Nimekwenda nyumbani mara tatu na sijamwona mtu hata mmoja! Mchana nimepachika kigae chenye maua kichwa chini. Nyapara akauliza nina nini. Nikasema nina likizo.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nimekiona cha mtema kuni.

Mwanyumba kampigia mama mkwe, eti kumsalimu. Mama mkwe kampigia mama watoto. Mama watoto hakupiga simu. Kaandika ujumbe. "Baba watoto, Aprili ulifikia kwa nani?"

Nikapiga haraka. Akapokea mama mkwe. Akasema, mwanangu, kama umefungua mji mwingine tuambie tu mapema, tuongeze viti, mwanyumba wako hatakataa. Kisha akampa simu mama watoto. Heri angebaki nayo. Mama watoto kasema mwezi wa Julai jino lilimtesa wiki nzima, anazunguka chumbani peke yake ameshika shavu, kumbe mimi niko mji uleule! Nilikula kwa nani? Nilifuliwa na nani? Na huyo mwanamke anajua kwamba nakoroma?

Nikaona liwalo na liwe. Nikamwambia ukweli. Sikusafiri. Niliokota risiti kwenye gunia. Halafu akacheka, kile kicheko chake kisicho na furaha ndani. Akasema miaka yote hii nimemdanganya mengi, lakini huu ndio uongo wa kijinga kuliko wote. Hakuna mwanadamu anayeiba safari halafu asiende.

Anataka barua ya kampuni yenye muhuri inayosema nilikuwa wapi. Bila barua nisikanyage harusini. Mkono wa binti yetu tayari una mtu wa kuushika.

Ijumaa, 14 Novemba

Barua nimepata! Mama Risiti hakusita. Anapenda kupiga muhuri. Nilimwomba aandike tu nilikuwa wapi Aprili, Julai na Septemba, sikufafanua, maana nikifafanua nimekwisha. Alichapa, akasaini, akagonga muhuri mpaka meza ikaruka. Muhuri mkubwa, wa bluu. Kwa furaha ya kuuona nikaipiga picha barua na kuituma palepale.

Kisha nikaisoma.

"Inathibitishwa kwamba mfanyakazi huyu alitumia likizo zake zote tatu nyumbani kwake, pamoja na familia yake."

Mama watoto kajibu neno moja. "Ipi?"

Jumamosi, 15 Novemba

Sijapiga simu. Sijapigiwa. Nimekwenda kumtengenezea shangazi jiko ili angalau mtu mmoja duniani anishukuru. Hakuwepo. Nimerudi na vigae vyangu begani.

Jumatatu, 17 Novemba

Kumbe Mama Risiti alipoandika ile barua alichungulia daftari la mahudhurio. Kaona mimi nipo kazini siku zote zile nilizokuwa nyumbani. Akahitimisha haraka: risiti za kodi hazidanganyi, kwa hiyo anayedanganya ni nyapara. Anawaandika watu ambao hawapo na kula mishahara yao!

Nyapara akaja kunichukua nilipokuwa nimepiga magoti. Akanishika kola ya ovaroli mpaka ofisini. Anatoa povu. Akapiga kelele kwamba amekula vumbi miaka ishirini hajaiba hata mfuko mtupu wa saruji, na huyu hapa aseme alikuwa wapi mwezi wa Julai. Aseme! Sasa hivi!

Wote wakanitolea macho. Niseme nini mimi? Nikisema nilikuwepo, mimi mwizi. Nikisema sikuwepo, mimi mwaminifu mwenye mke wa pili. Nikatazama dari. Dari nzuri, haikupigwa na mimi.

Nyapara hakunisubiri. Akasema, nifuateni. Tukaongozana ukumbini: nyapara mbele, Mama Risiti na miwani, Mwanyumba na daftari, na Kimya na koleo lake ingawa hakualikwa. Tukasimama mlango wa tatu, upande ulioanza kutumika Julai. Pale pana nundu. Kila sanduku la magurudumu likifika hapo linaruka.

"Hii ni kazi ya nani?" nyapara akauliza.

"Yake!" wakajibu wote kwa pamoja. Hata Mwanyumba. Kimya akaongeza kwamba mkono wangu unajulikana kama sauti, hata gizani angekikanyaga kigae kile na kuniita kwa jina.

Nyapara akatoa mfukoni karatasi ya malalamiko kutoka kwa meneja wa uwanja. Tarehe ya Julai, katikati ya likizo yangu. Abiria kajikwaa mlango wa tatu kwenye kigae kilicholazwa jana yake, chupa ya manukato imepasuka, ukumbi unanuka waridi. Nyapara akasema siku hiyo alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, na hawezi kukaukiwa na sauti kwa kumgombeza mtu asiyekuwepo.

Mama Risiti akaazima sanduku la mama mmoja aliyekuwa anapita. Akalivuta. Likaruka. Akalirudisha nyuma, akalivuta tena. Likaruka. Akavua miwani.

Basi kazi yangu mbovu ndiyo iliyonitetea. Miaka yote ya ufundi, na siku ya shida shahidi wangu ni nundu!

Mama Risiti akaniuliza, taratibu, kama mimi sikusafiri, ni nani aliyesafiri? Nikasema yote. Magunia, pasi, godoro. Nilimficha shangazi peke yake, uungwana haujaniisha. Lakini shangazi alikuwa anafagia hatua chache kutoka pale, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizigo kwamba yeye hajui lolote, ila jiko lake bado halijapata kigae hata kimoja.

Jumanne, 18 Novemba

Hukumu. Niliingia ofisini nimeshafunga begi.

Sikufukuzwa! Ukumbi lazima uishe kabla ya mwaka mpya, na mafundi ni adimu, hata wabaya. Pia risiti zangu zimeshapelekwa kwa watu wa kodi. Mama Risiti akitaka kuzifuta inabidi awaeleze wakubwa kwa nini alizisifia. Kwa hiyo atazifuta polepole, kwa maneno ya kihasibu, na mimi nitanyamaza. Nauli zote zinakatwa kwenye mshahara, kuanzia huu wa sasa. Nundu naivunja na kuipachika upya bila malipo.

Na likizo? Akavuta pumzi ndefu. Akasema kwa kuwa sikusafiri, likizo zote tatu ziko palepale. Nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma ya kompyuta.

Kamwandikia mama watoto barua nyingine, kwamba nilikuwa kazini mwaka mzima, na madai ya safari yalikuwa ya udanganyifu. Muhuri uleule. Jioni mama watoto akapiga. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo kichwani:

"Kumbe wewe ni mwizi tu!"

Tukacheka mpaka salio likakata.

Limebaki moja. Mshahara umekatwa wote, na tiketi sina. Lori la saruji huchukua siku tano. Hakuna mtu wa kunikopesha isipokuwa mmoja. Nimezunguka stoo yake kwa muda mrefu kabla ya kuingia.

Mwanyumba kanikalisha juu ya ndoo ya rangi. Kaniacha nieleze shida yangu mwanzo mpaka mwisho, ingawa anaijua kuliko mimi. Kisha akataja masharti. Mbele ya wageni nimwite kaka mkubwa, japo nimemzidi umri na nimeoa mkubwa. Kiti cha dirishani hakizungumzwi. Na risiti ya tiketi yangu itakaa kwake, kwa usalama wa taifa. Akatoa kalamu aandike mkataba. Ile isiyoandika. Akaitikisa, akailamba. Nikampa penseli yangu ya vigae. Hata kunidhalilisha ananihitaji.

Lakini mkono wa binti ni wangu. Hilo nilimwambia nikiwa nimesimama. Akasema sawa, mwanyumba, ukifika.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeitengeneza ile nundu ya mlango wa tatu. Nimeivunja yote, nimepachika upya, nimepima kila upande. Sasa ni bonde. Masanduku hayaruki tena. Yanazama.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya safari. Suti, viatu vya ncha, begi. Kimya katusindikiza ili apate watu wa kuongea nao. Tumepita mlango wa tatu. Sanduku la Mwanyumba likaingia kwenye bonde na kutoka na gurudumu moja. Sikusema neno. Furaha nyingine haihitaji maneno.

Tukakaa kusubiri ndege. Mwanyumba akasinzia mdomo wazi. Mimi nikawa natazama sakafu, mazoea ya kazi. Na pale, chini ya viti, nikaona. Moja. Nyingine kule. Nyingine kwenye mguu wa mzee anayesoma. Risiti za tiketi, mbichi kabisa, hazijafifia, hazijakunjwa! Watu wanatupa mali, jamani!

Ndipo ukweli ukanijia. Makosa yangu hayakuwa risiti. Risiti zilikuwa halali. Simu ililia! Kosa lilikuwa kile kisanduku. Nilitia alama kwenye likizo. Ningetia kwenye kikazi, likizo zangu zisingeguswa na mama watoto asingeuliza nililala wapi, maana mtu wa kikazi hulala popote. Na saini ya nyapara? Nyapara ana deni langu. Bila nundu yangu leo angekuwa nje anatafuta kazi. Atasaini. Mwaka unaanza Januari, nao utanikuta nimejiandaa.

Nikaingia chini ya viti. Magoti yangu yanajua kazi hiyo. Safu ya kwanza, safu ya pili. Kipaza sauti kikamwita abiria mmoja, jina kama langu, aende mlangoni haraka. Nikamhurumia huyo bwana. Uzembe! Kikamwita tena. Nikasema moyoni, ataachwa. Safu ya tatu ilikuwa na nyingi.

Nilipotoka upande wa pili hakukuwa na mtu. Mwanyumba hayupo. Mzee hayupo. Mlango umefungwa.

Nikakimbia hadi kwenye kioo. Ndege inajisogeza. Na dirishani, palepale alipotaka kukaa, Mwanyumba ananipungia. Kwa kalamu.

Binti wa kaunta kasema ipo ndege nyingine kesho asubuhi, lakini kubadilisha tiketi kunalipiwa. Mfukoni nina risiti kumi na sita na hela sina. Kimya alikuwa bado yupo nje, anamweleza mlinzi habari za ugonjwa wangu. Nikamuuzia viatu vya ncha, nusu bei. Akasema vinambana kidogo lakini atavizungumzisha. Kwa hiyo sasa nina suti inayong'aa, na chini yake buti za kazi zenye saruji. Nitamkabidhi binti yangu hivyohivyo. Angalau kila mtu atajua baba yake ni fundi.

Binti wa kaunta akanipa tiketi mpya. Nikaomba risiti ya kodi. Akanipa. Hii Mwanyumba haigusi! Nikamwuliza kwa heshima kama mashine yake inaweza kutoa nakala mbili.

Mama watoto, nimeshakutumia ujumbe lakini naandika na hapa ili ijulikane. Natua kesho Jumamosi saa nne asubuhi. Ndoa ni saa nane. Mwambie mama mkwe. Na Mwanyumba mwambieni ashike viti vyake, mkono wa mwanangu auache hapohapo ulipo mpaka aone buti zinaingia mlangoni.